Somoe na nyonyo: kisa cha mtoto aliyechukua miezi mitano kuachishwa

Kabla ya kisa

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto mkoani Mtwara. Kisa hiki nilikisimamia mwenyewe na nakiandika kwa ruhusa ya mama mhusika. Somoe si jina la mtoto. Mtaa, kituo na mambo mengine madogomadogo nimeyaondoa au kuyageuza. Nyonyo ninayoizungumzia ni ile chuchu bandia ya mpira au silikoni, anayopewa mtoto aitafune na kuinyonya bila kupata kitu, wala si nyonyo ya mafuta.

Usuli

Nilipokutana na Somoe kwa habari hii alikuwa na miaka miwili na mwezi mmoja. Uzito mzuri, kadi imejaa, chanjo zote za surua na rubela za miezi 9 na miezi 18 kapata. Anaishi na mama, baba na bibi mzaa mama kwenye nyumba ya vyumba vitatu isiyo mbali na pwani.

Mama hubangua korosho kwa malipo ya kilo. Msimu ukishachanganya, kuanzia Oktoba hadi Januari, hutoka alfajiri na kurudi baada ya Isha, vidole vimebabuliwa na utomvu wa ganda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa aliyejifungua likizo ya siku 84, lakini anayelipwa kwa kilo bila mkataba hana wa kumdai siku hizo. Somoe alipofikisha miezi miwili mama alirudi kazini. Shangazi mtu akaleta nyonyo kutoka Dar es Salaam, mbili kwenye pakiti moja. Ikawa hivyo.

Baba ni mvuvi wa dagaa. Kwa asiyejua pwani, dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki kwenye mwanga wa taa, na vyombo vingi hupumzika. Kwa hiyo baba yuko nyumbani usiku kwa karibu nusu ya mwezi, na nusu nyingine yuko baharini usiku kucha kisha analala mchana. Naomba msomaji aushike mzunguko huu. Mimi sikuushika, na ulinigharimu.

Ziwa aliachishwa akiwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, katikati ya msimu wa korosho wa mwaka uliotangulia. Bibi ndiye aliyemlikiza, kwa shubiri, kama alivyolikiza watoto wake saba. Somoe alilia siku mbili akaacha. Aliacha upesi kwa sababu nyonyo ilikuwa tayari mdomoni, lakini hilo hakuna aliyeliona wakati ule.

Kosa la kwanza

Oktoba mama alimleta kupima uzito. Mtoto alikuwa na nyonyo mdomoni, nayo imefungwa kwa kamba iliyozungushwa shingoni. Kamba ile ilinishtua, na nilikuwa na haki ya kushtuka: mtoto anaweza kujinyonga nayo akiwa amelala au ikinasa kwenye kitu. Nilipaswa kuishia kwenye kamba. Badala yake, mbele ya foleni ya akina mama, nikasema, "Mama Somoe, mtoto mkubwa hivi na linyonyo! Katupe leo leo." Wenzake wakacheka. Naye akacheka, ile ya kuficha uso.

Sikumuuliza mtoto huitumia saa ngapi, wala nani humlaza. Sikumwambia cha kufanya siku ya kwanza akilia. Nilitoa amri nikaita, "Anayefuata."

Pilipili

Jioni ile ile mama alipaka nyonyo pilipili. Alifikiri kwa njia iliyonyooka: shubiri ilimtoa kwenye ziwa, pilipili itamtoa kwenye hii. Somoe aliinyonya, akapiga kelele, akashika mdomo kisha akajifuta machoni kwa mikono ile ile. Walimwosha macho kwa maji mengi, akalala usiku wa manane, amechoka. Na alilala na nyonyo, kwa sababu mama, kwa huruma na aibu, aliisuuza akamrudishia.

Kesho yake mama alijaribu tena kwa pilipili kidogo. Somoe aliionja kwa ncha ya ulimi, akashuka mkekani, akaenda hadi kwenye ndoo ya maji, akaichovya, akampelekea bibi: "Osha." Hapo jaribio lilikufa. Mtoto wa miaka miwili alikuwa amegundua kwamba uchungu ni uchafu, na uchafu unaoshwa.

Shubiri ya ziwa haifanyi kazi hivyo. Ziwa ni la mama, halichovywi kwenye ndoo, na mama mwenyewe yupo palepale kumpakata anayelia. Nyonyo iliyopakwa pilipili inamwacha mtoto na maumivu bila wa kumkimbilia, maana mkono uliopaka ndio ule ule anaoutegemea.

Kunguru

Mwanzoni mwa Novemba walijaribu njia nyingine. Nyonyo zilifichwa, Somoe akaambiwa kunguru kaichukua. Kunguru Mtwara wapo wa kutosha, na mtoto aliamini. Usiku wa kwanza alilia sana. Wa pili alilia zaidi. Usiku wa tatu ulikuwa wa mbalamwezi, baba yupo ndani, ametoka kwenye siku kumi na kitu za kukesha baharini. Saa tano usiku alivaa shati, akagonga duka la mtaani, akarudi na nyonyo mpya.

"Kunguru karudisha," alisema. Nyumba nzima ilicheka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu kila mtu alilala.

Hasara ilionekana baadaye. Kwa wiki kadhaa Somoe hakutaka kwenda uani peke yake, na kunguru akitua ukutani aliifunika nyonyo kwa viganja vyote viwili. Mchana alikuwa anaitaka kuliko zamani. Kitu kilichowahi kuibwa hulindwa.

Sikio, na ziara ya nyumbani

Desemba waliletwa tena, safari hii sikio la kushoto linatoa usaha. Tabibu alimwandikia dawa, nami nikamwonyesha bibi jinsi ya kulikausha kwa utambi wa kitambaa safi. Kunyonya nyonyo muda mrefu huongeza uwezekano wa maambukizi ya sikio la kati, hasa mtoto akishapita miezi sita. Sisemi ndiyo iliyosababisha hili la Somoe, maana watoto wasioijua nyonyo nao huumwa masikio. Niliangalia na mdomo pia. Meno ya mbele ya juu na ya chini hayakukutana alipouma, kulikuwa na upenyo wenye umbo la nyonyo kabisa.

Nilifungua kinywa kusema neno, bibi akanitangulia. "Nesi, uliposema katupe, wewe usiku ule ulilala. Mimi ndiye niliyeamka."

Nilimwamkia upya, "Shikamoo, bibi," nikamwomba ruhusa ya kuwatembelea nyumbani. Wasomaji wa kusini wanajua kwa nini nilimwomba yeye. Kwa Wamakonde na makabila mengi ya huku mtoto huhesabiwa kwa upande wa mama, na hata pale mji ulipofifisha desturi, neno la bibi mzaa mama kuhusu mtoto halipitwi juu.

Nilikwenda Januari, nikakaa mkekani kwa muda wa karibu saa tatu. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuhesabu nyonyo. Tulikuta nne: moja mdomoni, moja chini ya godoro, moja kwenye kipochi cha mama, na moja imetundikwa msumarini chumbani kwa bibi. Ya mdomoni ilikuwa na ufa kwenye shina, na hiyo ni hatari kubwa kuliko meno, kwani kipande kikikatika kinaweza kumkaba.

Jambo la pili lilikuwa kuuliza kila mtu nyonyo inamsaidia nini. Niliuliza hivyo kwa makusudi, sikuuliza mtoto anaipendea nini. Baba alijibu bila kusita: siku za giza analala mchana, na nyumba ikiwa na kelele anarudi majini akiwa na usingizi, jambo ambalo kwa mvuvi si mzaha. Bibi alisema ni saa moja yake ya adhuhuri. Mtoto akinyonya analala, naye ananyoosha mgongo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nikirudi usiku nimechelewa, nikimkuta nayo najua hakulia kunisubiri."

Maamuzi na sababu zake

Tuliamua kwanza kungoja. Sikio lipone, na msimu wa korosho upungue ili mama awe anarudi kabla ya jua kuzama. Mtoto mgonjwa, au ambaye mama hayupo, hana anachoweza kubadilishana na nyonyo. Wengine wangesema kila wiki ya kungoja ni wiki ya meno kuharibika. Kwa umri wake sikuona haraka hiyo: meno ya utoto 20 hukamilika mnamo miaka miwili na nusu hadi mitatu, na upenyo wa namna ile mara nyingi hujifunga wenyewe nyonyo ikiachwa mapema. Madaktari wa meno husisitiza iwe imeachwa ifikapo miaka mitatu. Tulikuwa na miezi ya kutosha.

Wakati wa kungoja tulipunguza vitu. Nyonyo tatu zilitupwa siku ile ile, ikiwemo yenye ufa, ikabaki moja nzima. Kamba ilikatwa. Nyonyo ikapewa makazi: kibakuli chenye kifuniko, juu ya meza ya chumba cha kulala. Haitoki chumbani. Somoe akiitaka, anakwenda kulala nayo huko, akichoka anairudisha.

Halafu ukaja uamuzi ambao sikuwahi kuufikiria, na aliyeuleta ni baba. Mimi nilikuwa nimepanga mchana kwanza, usiku baadaye, kuanzia Jumatatu yoyote. Akaniambia, "Nesi, wewe unahesabu kwa kalenda ya ofisini. Hesabu kwa mwezi." Mpango wake ulikuwa huu. Mbalamwezi ikianza, yeye halali mchana, yuko pwani anashona nyavu. Basi mchana wa siku hizo mtoto anyimwe nyonyo, hata akilia hakuna anayeharibikiwa. Giza likiingia, yeye usiku yuko majini. Basi usiku wa siku hizo ndio wa kuiondoa kabisa, na hatakuwepo mtu wa kwenda kugonga duka saa tano. Alisema hilo la mwisho akijicheka mwenyewe.

Kwa bibi tulikubaliana kwamba usiku wa kuiondoa mama ndiye atakayelala na mtoto, si yeye. Alikubali papo hapo. Nadhani alikuwa anangoja mtu amwambie hivyo tangu Oktoba.

Jinsi ya kuiaga tulibishana kidogo. Nilipendekeza aambiwe anampa mtoto mchanga wa jirani. Bibi alikataa katakata: "Atakwenda kumnyang'anya. Na akimkuta hana, atajua tumemdanganya, kama kunguru." Yeye alitaka aambiwe kweli, kwamba imezeeka na inatupwa. Nilikuwa na vyeti, bibi alikuwa na watoto saba. Tukafuata la bibi.

Ilivyokwenda

Mchana uliachwa mwanzoni mwa Februari, kwa siku tisa. Somoe alizunguka mlango wa chumba kama mtu aliyepoteza ufunguo. Siku mbili za mwanzo aliingia kulala mara sita, saba, ili tu ainyonye. Kwa kuwa huko hakukuwa na mtu wala mchezo, alitoka mwenyewe. Bibi alimpa kazi ya kutenganisha maharage na mawe, akawa anayahamisha kutoka ungo hadi bakuli na kuyarudisha. Neno lililoanza kusikika vizuri wiki ile ni "mimi". Zamani lilitokea nyuma ya mpira kama "nini", na wote walidhani anauliza.

Kilichopotea ni usingizi wa adhuhuri. Bila nyonyo hakulala kabisa mchana, na bibi hakunyoosha mgongo kwa zaidi ya wiki mbili. Hili sikuwaonya, na lilimfanya bibi aseme maneno ambayo sitayaandika.

Giza lilipoingia, jioni ya kwanza mama alimwogesha, akamnywesha uji kikombeni, wakaenda pamoja hadi kwenye shimo la taka. Somoe aliitupa nyonyo mwenyewe. Alisimama akiitazama. Alipofika kitandani aliiomba, akaambiwa, "Tumetupa pamoja," akalia kama dakika arobaini huku mama akimpigapiga mgongoni. Usiku wa pili ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, zaidi ya saa nzima, na bahati mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba majirani hawakusikia. Mama alinipigia simu saa nne usiku kuuliza kama anamuumiza mtoto. Nilimjibu kwamba mtoto anayelia mikononi mwa mama yake hajaachwa. Usiku wa tatu alilia kidogo. Wa nne alilala mama akiwa bado anasimulia habari ya sungura.

Siku ya tisa mama alilala msibani kijijini. Somoe alimtafuta, akaitaka nyonyo, bibi akabaki naye. Hakukuwa na ya kumpa, hata angetaka. Aliokota pindo la kanga ya mama, akalitia mdomoni, akalala.

Matokeo

Nilimwona Juni. Hajarudi kwenye nyonyo. Sikio halijatoa usaha tena tangu Januari. Upenyo wa meno upo bado, mdogo kuliko ulivyokuwa kwa macho yangu, ingawa sikuupima Desemba kwa hiyo macho yangu si ushahidi. Pindo la kanga bado analinyonya akiwa na usingizi. Usingizi wa adhuhuri umerudi, mfupi.

Uchambuzi

Kipindi cha kwanza cha kisa hiki kiliharibiwa na ushauri wangu. Hatua Kumi za kufanikisha unyonyeshaji za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, zilizotolewa mwaka 1989, zilisema mtoto anayenyonya ziwa asipewe chuchu bandia. Zilipopitiwa upya mwaka 2018 hatua hiyo ilibadilika: mama ashauriwe kuhusu matumizi na hatari za chupa, chuchu na nyonyo. Nilikuwa nimeyasoma mabadiliko hayo kwenye semina, nikayaona ni ya maneno tu. Mbele ya foleni Oktoba nilikuwa bado niko 1989. Na mambo hayako upande mmoja: madaktari wa watoto wa Marekani hupendekeza nyonyo wakati wa kulala kwa mtoto mchanga, unyonyeshaji ukishatulia, kwa sababu inahusishwa na kupungua kwa vifo vya ghafla usingizini. Inayofaa miezi mitatu inakuwa mzigo miaka miwili. Mama aliyeambiwa "katupe" hasikii tofauti hiyo, anasikia kwamba alikosea tangu mwanzo.

Pilipili naihesabu kama madhara, siyo jaribio lililoshindwa. Nawaambia wenzangu waiulizie wazi, kwa kuwa mama hataitaja mwenyewe. Vilevile asali: kupaka nyonyo asali kwa mtoto wa chini ya mwaka mmoja kunaweza kumletea sumu inayolegeza misuli, na kwa mkubwa kunaozesha meno.

Kunguru alishindwa kwa sababu mbili, na watu huitaja moja tu. Ni kweli baba alivunja mpango. Lakini hata asingeuvunja, mtoto alikuwa amepewa hofu badala ya kwaheri. Shimo la taka halikuwa na hila yoyote, na usiku mama alikuwa na jibu ambalo mtoto alilishuhudia kwa macho yake.

Kilichofanya kazi sina uhakika nacho kama ambavyo ningependa. Kuhesabu nyonyo kulisaidia, maana siku ya msiba bibi hakuwa na ya kumpa. Kalenda ya baba ilisaidia, hilo silitilii shaka. Lakini mama pia alikuwa amerudi. Januari alikuwa mtu wa usiku, Februari alikuwa mtu wa kuogesha na kusimulia sungura. Huenda Somoe angeiacha kwa njia yoyote nusu ya busara, mradi mama yupo. Kama ni hivyo, basi ningefanya nini kwa mtoto ambaye mama yake harudi mapema hata Februari? Hao ninao kwenye foleni.

Nilikosea pia kutouliza mapema kuhusu saa ya bibi. Nilimpunguzia kazi ya usiku nikamwongezea ya mchana. Ningepanga mtoto wa jirani amchezeshe Somoe adhuhuri kwa wiki mbili, gharama ingekuwa andazi moja kwa siku.

Pindo la kanga tumeliacha. Linafuliwa, halina shina la kukatika, na mchana halijali.

Siku ile ya Juni, wakiwa wanangoja mizani, nyonyo ya mtoto mchanga ilimponyoka mama mwingine ikadondoka sakafuni. Mama Somoe alinitazama kwanza. Somoe alishuka kwenye benchi, akaiokota, akaigeuza huku na huku, akampelekea mwenyewe.

"Osha," alimwambia, akarudi kukaa.